Mafuta Yaliyokuja na Moteri

Jioni ile nilikuwa nimebeba sahani ya ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, nimeifunika kwa kitambaa, ninampelekea mwanangu Bertrand kwenye garaji ya Rugenge. Ilikuwa kazi ya mke wake, Jolie. Lakini Jolie alikuwa anasukwa nywele, na mama mkwe si ana miguu? Nikatembea.

Gari ya Bertrand ni taksi, Toyota ya zamani ambayo marehemu baba yake aliiendesha mpaka viti vikatoboka. Moteri yake, yaani injini, ilikuwa imekufa, kufa kabisa. Akanunua nyingine ya ng'ambo, zile wanazozikata kwenye gari za kwao na kuzituma peke yake. Ilipita bahari, ikapita Kigoma, ikashushwa bandarini Kalundu imefungwa kwa plastiki kama maiti. Nilisema hivyo hivyo: kama maiti. Wakacheka.

Nilipofika, moteri ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo juu ya gari. Fundi Ndihokubwayo alikuwa amelala chini, anafungua tundu la mafuta. Mafuta ya zamani yakaanza kushuka kwenye bidoni, dumu la plastiki. Meusi. Mazito. Polepole...

Akarudisha mkono haraka.

"Iko moto," akasema.

"Nini iko moto?" Bertrand akauliza.

"Mafuta. Gusa."

Moteri iliyovuka bahari ndani ya plastiki, hakuna aliyeiwasha. Niligusa mimi. Halikuwa joto la jua. Lilikuwa joto la kwapa la mtu.

Kisha fundi akavuta kitu kilichojizungusha kwenye puli ya mbele, kile kigurudumu cha mkanda. Kipande cha mkono wa shati. Kifungo kilikuwa bado kimeshonwa. Akakitazama, akakitupa kwenye makaa ya garaji.

Mafundi wa Rugenge wana desturi yao. Moteri ikija bila gari yake, mafuta yaliyokuja nayo hayalali mahali popote. Yanamwagwa barabarani jua likizama, magari yapite juu yake yaende nayo mbali. Nyumbani hayaingii. Hata mlevi anajua.

"Patron, peleka hii bidoni ku barabara, umwage," fundi akasema.

"Nimwage? Muchwa inamaliza nguzo za nyumba yangu, na weye unasema nimwage?"

Ni kweli, huku kwetu mafuta machafu ya gari tunayapaka kwenye miti ya nyumba, mchwa wasile. Kila mtu anafanya. Lakini anapaka ya gari anayoijua.

"Bertrand, acha hiyo kitu," nikasema.

"Mama, weye unaogopa mpaka kivuli ya kuku."

Akamaliza ugali wangu, akanawa, akabeba bidoni.

Kesho yake akapaka nguzo zote za nyumba yetu ya Songo. Nguzo ya pembeni, pale nilipokuwa ninalala na mjukuu wangu Délice, aliipaka mara mbili, maana mchwa walipapenda.

Gari ikawaka vizuri. Ikapanda milima kama mbuzi. Bertrand akawa anapita mtaani na honi, watu wanamsifu, na yeye anajibu kwa mkono mmoja kama gavana. Hakuna aliyeitazama nyumba.

Ilianza harufu. Chuma kilicholowa, na nywele zilizoungua.

Ikafuata sauti. Jioni, kabla taa haijawashwa, nikasikia ndani ya ukuta... rrrr... rrrr... kama gari iliyosimama mlangoni inamngoja mtu. Nikatoka nje. Hakuna gari. Nikarudi ndani, nikaweka kiganja kwenye nguzo.

Ilikuwa inatetemeka.

Na ilikuwa na joto lile lile.

"Koko, usiguse," Délice akaninong'oneza mimi bibi yake. Meno yake ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza kung'oka. "Utamuamusha."

"Nani?"

"Muzee wa ndani. Anauliza gari yake iko wapi."

"Anauliza na luga gani?"

Akafikiri. "Sijue. Lakini minye ninasikia."

Nilimwambia Jolie. Akasema ninamtia mtoto woga. Nilimwambia Bertrand aikate ile nguzo, aichome.

"Nikate nguzo, manyumba ituangukie? Mama, ulikunywa?"

Mtoto akaanza kuisha. Homa ilikuja kila jua likizama. Chini ya kucha kukawa na weusi ambao sabuni haikuutoa. Akikohoa, kitambaa kinabaki na doa jeusi. Kituo cha afya wakapima malaria, hawakuona kitu, wakampa sirope. Jioni moja nikamwita anywe uji. Hakuitika. Alikaa wima kitandani, akanitazama kwa macho ya mtu mzima aliyechoka.

"Iko wapi?" akasema.

Haikuwa sauti yake.

Ndipo Jolie alipomleta mtumishi wa Mungu kutoka chumba chao cha maombi. Unajua alianzia wapi? Kwenye gari! Akaweka mikono juu ya moteri, akapiga kelele, akatoka jasho, akatangaza kwamba gari ni safi. Hapo hakusema uongo. Kisha akaingia ndani na shati lake jeupe, akaegemea nguzo ile ile ya pembeni, akafumba macho.

"Ndani ya hii nyumba," akasema, "nani analala na mutoto? Nani anakula naye sahani moja?"

Macho yote yakaja kwangu. Nilijua yatakuja. Katika mji huu, ukishakuwa mwanamke mzee, kikohozi chochote cha mtoto kinatafutiwa jina, na jina lako ndilo lililo karibu.

Mtumishi akasogea mbele. Nikaona mgongo wa shati lake.

"Mutumishi," nikasema, "utazame shati yako."

Wakamgeuza. Palikuwa na doa jeusi. Kiganja, na vidole vyake vyote, vimefunguka.

"Mumeona?" Jolie akapiga kelele. "Anamuloga mutumishi wa Mungu mbele yetu!"

Nikamtazama mwanangu. Bertrand alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mama... uende kwa mama mudogo Agnès, kule Kilibula. Siku kidogo tu."

"Sema mbele yao, Bertrand. Minye ni mulozi?"

"Uende tu, mama."

Nikaomba niingie kuchukua vitenge vyangu. Délice alikuwa amelala pembeni, anapumua rrrr... rrrr... na nguzo inapumua naye, sawasawa. Kifua kikipanda, mti unatetemeka. Nikajua kwamba usiku ule hataumaliza.

Nilichukua kisu cha kumenyea muhogo. Nikakwangua nguzo pale mafuta yaliponenepa. Mti ulikuwa laini kama nyama. Mafuta yakatoka, yale yale, moto. Nikayapokea kwa kiganja, nikajipaka mikono yote miwili mpaka kwenye kiwiko. Kisha nikauwekea ukuta mdomo.

"Weye muzee. Huyu mutoto hajue gari yako. Minye ninaijua. Umuache, tuende pamoja. Nitakuonyesha."

Tk.

Sauti ikakatika, kama mtu amezima ufunguo.

Délice akafungua macho. "Koko," akasema, "njaa."

Nikatoka na furushi langu. Majirani wanawake walikuwa wamejipanga njiani, wanatema mate. Nikawasalimia mmoja mmoja kwa majina yao, wajue kwamba ninayakumbuka.

Mtoto alipona. Wakafanya ibada ya shukrani, na Bertrand akashika mikro ya kupazia sauti akatoa ushuhuda kwamba mama yake mzazi ndiye aliyekuwa anamla mtoto. Watu wakasema amina. Sikuwepo, lakini habari ya namna hiyo haikosi mtu wa kukuletea mlangoni.

Nikakutana na Ndihokubwayo sokoni. Nikamuuliza habari ya kile kipande cha shati cha kwenye puli. Kwanza alikataa.

"Mama muzee, minye nilidhani tu," akasema mwishoni. "Mukono wa shati hauingii ku puli kama mutu iko mbali. Alikuwa ameinama, anatengeneza. Mwingine akawasha."

"Mwingine nani?"

"Ufunguo ya gari yako, mama, unaachia nani? Si unaachia mutu wako?"

Akaondoka haraka. Alikuwa ameiona mikono yangu.

Nimeinawa kwa sabuni, kwa majivu, kwa mchanga wa ziwa. Bado ni myeusi mpaka kwenye kiwiko. Mdogo wangu Agnès ameacha kula chakula changu, anasema ni tumbo. Na kila jioni joto linapanda kutoka kwenye vidole... rrrr... rrrr... naye anauliza. Hanitishi. Anauliza kama mtu aliyeachwa barabarani na watu waliosema wanarudi sasa hivi.

Iko wapi?

"Ungoje," ninamwambia.

Kwa maana anapita, Bertrand. Kila jioni anapita hapa Kilibula na abiria wake, anapiga honi, hapunguzi hata mwendo. Mimi ninakaa mlangoni, mikono ndani ya kitenge. Mara nyingine Délice yuko kiti cha mbele, ananipungia. Siku hizo ninaifunga mikono kwa fundo la kitenge.

Jana Délice hakuwemo. Bertrand aliniona. Nilimwona ananiona. Akapandisha kioo.

Joto likapanda mpaka kitenge kikaanza kunuka. Iko wapi? Iko wapi?

Nikatoa mkono mmoja nje.

Agnès aliniuliza ninaonyesha nini kule barabarani. Nikamwambia ninajikuna.

Leo jua limeshazama. Taa zimewaka kwa majirani. Ile honi bado sijaisikia.

Na mikono yangu iko baridi.