Barafu Ndani ya Kioo

Kila asubuhi baba alikuwa wa kwanza kuamka. Alikunywa chai yake ya maziwa akiwa amesimama, akavaa glavu, akaenda gereji kuwasha gari. Mimi nilibaki nikitafuna mkate na siagi na kuvaa mabuti yangu ya sufu taratibu, mpaka nisikie honi. Gari lilikuwa mali ya kijiji, na kwa miaka kumi na minne baba yangu Gavril ndiye aliyewapeleka watoto wa Tiit-Kuol, kijiji chetu cha kaskazini ya mbali, shuleni ng'ambo ya mto. Januari mto wenyewe ndio barabara, umeganda mpaka malori yanapita juu yake. Mwaka huo tulikuwa watoto tisa. Mimi, Kunnei, nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Kwetu hakuna bomba. Maji ya kunywa ni barafu ya ziwani. Inakatwa mwanzo wa baridi na kupangwa uani, kisha unaingiza kipande kimoja kimoja kiyeyuke kando ya jiko. Jumamosi moja mama alinituma nimpelekee shangazi vipande vitatu, maana alikuwa mgonjwa na anakaa mwisho kabisa wa kijiji. Niliviburuta kwenye kigari cha theluji mpaka karibu na gereji, mikono ikakataa. Gari la baba lilikuwa nje. Nikafungua mlango wa nyuma, nikasukuma vipande viwili chini ya benchi la mwisho, nikajiambia jioni baba akipita kwa shangazi nitavishusha. Shangazi nikampelekea kimoja. Kisha nikaenda kuteleza na wenzangu ziwani, na barafu ile ikanitoka kichwani.

Mama aliponiuliza nikamwambia nimefikisha vyote vitatu.

Gereji yetu hutiwa moto usiku na mchana, la sivyo injini zisingewaka kwenye baridi ya nyuzi hamsini chini ya sifuri. Gari lililala humo Jumamosi na Jumapili. Jumatatu nilipochungulia chini ya benchi sikuona kitu. Mpira wa sakafuni ulikuwa mkavu. Kusema kweli nilifurahi, nikadhani mambo yamejimaliza yenyewe.

Siku hiyo hiyo kioo cha mbele kikaanza kuganda kwa ndani. Tulipokuwa tumeenda kilomita tatu, kilishika ukungu. Kufika katikati ya mto, ukungu umekuwa barafu. Baba aliendesha kwa mkono mmoja, wa pili unakwaruza, na alichokuwa akionea ni kitundu cha ukubwa wa kisahani.

Hakukaa bure. Alituamuru tukung'ute theluji kwenye mabuti kabla ya kupanda. Akafungua matundu yote ya hewa ili pumzi zetu zitoke. Akapima maji ya rejeta, hayakupungua hata tone. Akakagua raba za milango moja baada ya nyingine kwa kuzibania karatasi na kuivuta, na kila karatasi ilishikwa barabara. Jioni alirudi gereji tena. Nilimsikia akimwambia mama kwamba hajawahi kushindwa na gari hili, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeanza kuogopa. Mimi nilikuwa najifanya nasoma. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kushuku barafu yangu imeenda wapi.

Ijumaa ya wiki ya pili kundi la farasi lilikuwa limesimama katikati ya barabara. Baba hakuliona mpaka liko puani. Alikata usukani, tukaingia kwenye lundo la theluji kando ya mto. Hakuna aliyevunjika, ila Aisen wa darasa la pili alipasuka mdomo, na damu ikamgandia kidevuni huku akilia. Baba alimfuta kwa skafu yake.

Adhuhuri ya kesho yake mwenyekiti wa kijiji, Bwana Prokopiy, alikuja gereji kulitazama gari. Nilikuwepo. Gari lilikuwa limelala kwenye joto, na kioo kiling'aa kikavu kabisa. Bwana Prokopiy alikipitishia kiganja, akatazama kiganja chake, akamtazama baba.

"Gavril, iko wapi barafu yenyewe?"

Baba akamweleza kwamba humo ndani haionekani, ni mpaka gari litoke. Bwana Prokopiy akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema anaelewa, kila mtu huzeeka, na marehemu babu yangu, aliyemzaa baba, naye alipoteza macho akiwa na miaka hamsini tu. Baba alikuwa na arobaini na tisa.

"Muulize mtoto," baba akasema. "Yeye peke yake hukaa mbele na mimi, wenzake nyuma hawaoni ila migongo ya viti."

Bwana Prokopiy akaniinamia. "Haya binti, wewe unaona kioo kikiganda kwa ndani?"

Nilijua nikisema ndiyo, swali la pili litakuwa kwa nini. Na nilikuwa na hofu na swali hilo la pili kuliko kitu chochote duniani.

"Sijaona kitu," nikasema.

Baba alinitazama. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Aliitikia polepole kwa kichwa, akasema basi Ijumaa ijayo atarudisha funguo.

Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa kama yenye msiba. Gari halikwenda popote, na shule tuliikosa. Ilitangazwa kwamba kuanzia Jumatatu watoto wote tisa tutahamia bweni la shule, hata Aisen mwenye miaka minane, ambaye alikuwa bado hajalala hata siku moja mbali na mama yake. Baba alikaa dirishani akifumba jicho moja, akitazama kalenda ukutani, kisha akifumba la pili. Mama alimwekea samaki, akaondoa sahani ikiwa vile vile. Mara tatu nilikwenda nikasimama mbele yake nikiwa na maneno tayari mdomoni, na mara tatu nikamuuliza kama anataka chai. Nilijichukia.

Aliyekataa kushindwa ni fundi Varvara, mama mwenye gereji. Alhamisi mchana alimwita baba, nami nikafuata nyuma. Alikuwa amelitoa gari nje, akawasha hita, akakaa ndani peke yake nusu saa nzima. Tulipofika kioo kilikuwa cheupe.

"Njoo uone, mgonjwa wa macho," akamwambia baba. "Macho yako yamenigandishia na mimi kioo."

Akaanza kupambanua. Alikwangua unga wa barafu, akausugua kati ya vidole, akaunusa. Ingekuwa rejeta ndogo ya hita inavuja, alisema, vidole vingeteleza na harufu ingekuwa tamu, ya dawa inayotiwa rejeta isigande, na dawa ile ni sumu, hivyo tusije tukaionja. Lakini haya yalikuwa maji matupu. Pumzi za watoto hazikuwemo, wala mabuti yao. Mtu mmoja hawezi kupumua barafu nyingi hivyo kwa nusu saa na matundu yakiwa wazi.

"Maji yamo humu humu," akasema. "Gereji inayayeyusha, baridi inayabandika kiooni. Yameingilia wapi, ndiyo sijui. Nitalifumua kuanzia paa."

"Acha, Varvara," baba akasema. Alikuwa amechoka mpaka sauti. "Kesho narudisha funguo. Hata mwanangu mwenyewe hakuona."

Hapo ndipo kilio kikanitoka, na maneno yakaja pamoja nacho.

"Anza na benchi la nyuma," nikasema. "Niliweka barafu chini yake. Vipande viwili. Na kioo nilikiona, Baba. Nilikiona kila siku."

Fundi Varvara alichukua spana, akafungua bolti za benchi, akaukunja mpira. Zulia nene la sufu lililo chini yake lilikuwa limelowa, ukilikanyaga linatoa maji. Katikati yake palikuwa na majani membamba ya kijani ya ziwani, yale yanayogandiwa ndani ya barafu yetu ya kunywa.

Zulia lilikaushwa gereji siku mbili. Ijumaa baba alinipeleka kwa Bwana Prokopiy, nikasema yote nikiwa nimesimama; funguo zikabaki kwa baba na mpango wa bweni ukafutwa. Kisha tukaenda kwa shangazi na kwa mama yake Aisen nikasema tena. Jumatatu gari likatoka, na kioo kikabaki safi mpaka ng'ambo ya mto. Watoto wa nyuma walipiga kelele zao za kawaida.

Wenzangu waliposhuka baba alinizuia.

"Barafu si kitu, Kunnei," akasema. "Mtoto kuchoka na kusahau, hayo yapo, na zulia limekauka. Ila siku ile nilikuwa na shahidi mmoja tu, wewe, na nilikuamini wewe kuliko macho yangu. Kuanzia siku ile, nyie mkilala, nilikuwa najizoeza kutoka kitandani mpaka jikoni nikiwa nimefumba macho. Ukificha kosa lako, mwanangu, kuna mtu mwingine atalibeba, na hatajua amebeba nini."

Akanifungulia mlango, akaniambia nikimbie, kengele imeshalia.