Manukato Kwenye Gari la Gibson

Asubuhi stendi ya Tunduma haina mtu anayemsubiri mwenzake. Malori yamepanga foleni kuelekea mpakani, wabeba mizigo wanapiga miluzi, na wapiga debe wanakuvuta mkono hata kama umekuja kununua maandazi tu. Katika vurugu hiyo Enesi aliingizwa kwenye gari la Gibson, yeye na furushi lake la vitenge, hata hajasema anakwenda wapi.

Enesi alikuwa binti wa kijiji cha Hasamba, mwenye aibu na sauti ndogo. Aliketi siti ya nyuma, akavuta pumzi, akashika pua.

"Kaka, gari yako inanuka petroli."

Dereva akageuka. Kijana mrefu, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka mikono. "Petroli? Mbona mimi sisikii?"

"Umeizoea. Vitenge vyangu vikinuka hivi, nani atanunua?"

"Nitanunua mimi vyote."

"Utavivaa?"

Abiria wakaangua kicheko. Gibson akamhamishia mbele, akamshushia kioo, na mpaka wanafika Vwawa alikuwa ameshaomba namba ya simu mara tatu.

Pale stendi kila mtu anajua: msichana anayekaa mbele kila safari bila kulipa nauli, huyo ni wa dereva. Enesi alikaa mbele miezi minane, na kila petroli iliponuka tena Gibson aliapa kwamba ameshaitengeneza. Wakapanga kwamba Jumapili Gibson ampeleke Hasamba, wazazi wamwone.

Basi Jumatatu ya wiki ileile Enesi akafungua mlango, na gari halikunuka petroli. Lilinuka manukato ya kike, matamu, mazito, utadhani harusi nzima imepanda.

"Nani alikaa hapa?"

"Abiria."

"Abiria gani anayeoga manukato?"

"Enesi, mama, umeanza."

Kesho yake simu ikalia mapema. "Mpenzi, leo usinisubiri. Panda gari ya Gasper."

"Kwa nini?"

"Yangu imekodiwa wiki nzima."

"Na nani?"

"Na mtu."

"Mtu ana jina, Gibson."

"Nitakueleza." Simu ikakatwa.

Enesi hakujua kugomba. Alijua kuwaza. Aliwaza mpaka akamkatia mteja yadi mbili badala ya tatu. Kila mwanamke aliyepita mbele ya meza yake sokoni akinukia vizuri, alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. Huyu? Au yule mwenye sketi ya kubana? Jumapili ilikuwa inakaribia, na hakujua kama atakwenda nyumbani na mchumba au na macho mekundu.

Ijumaa mchana akaliona gari. Lilikuwa linashuka taratibu kando ya soko, vioo vyote vimepandishwa. Mbele alikaa mwanamke. Nywele zimesukwa vizuri, hereni zinameremeta, kichwa kimelala kwenye kiti, macho ameyafumba kama mtu anayebembelezwa. Gibson akamwuliza kitu. Yeye akatabasamu, akatikisa kichwa.

Enesi aliacha vitenge mezani bila mwangalizi. Gari lilikuwa limenaswa nyuma ya lori. Akafungua mlango kwa nguvu.

"Shuka!"

Hakuijua sauti ile kuwa ni yake. Wauza ndizi waligeuka.

"Enesi!" Gibson akaruka kwenye kiti.

"Wewe nyamaza. Dada, nimesema shuka. Hapo nakaa mimi."

Mwanamke akafumbua macho, akashuka bila haraka. Kuanzia kiunoni alikuwa amevaa ovaroli lenye madoa ya oili, na spana imechomoza mfukoni.

"Wewe ndiye Enesi? Afadhali umekuja, pua yangu imechoka. Ingia unuse."

"Ninuse nini?"

"Petroli. Mimi naitwa Ketrina, fundi. Mpira wa pampu ya mafuta, ile iliyo chini ya siti ya nyuma, ulikuwa umepasuka. Akijaza tenki, mvuke wote unaingia ndani. Nimeweka mpya, sasa tunazunguka na tenki limejaa, vioo juu. Nikifumba macho ndiyo nanusa vizuri." Akamnyooshea Gibson kidole. "Na huyu, badala ya kuniletea mapema, alilimwagia gari manukato! Kwani moto unaogopa manukato?"

Enesi akamgeukia Gibson. "Kwa nini ulinidanganya?"

"Aibu." Kijana alikuwa anatazama usukani. "Siku ya kwanza ulishika pua mbele ya abiria. Nikasema ukijua bado inavuja, utasema huyu gari tu limemshinda. Ketrina aliponiambia inaweza kuwaka, nikaogopa usije ukawa ndani. Tangu Jumanne sijabeba mtu."

"Huyu umembeba."

"Ni fundi!"

"Fundi ana hereni."

"Kwa hiyo fundi asivae hereni?" Ketrina akauliza, mikono kiunoni.

Wauza ndizi walicheka mpaka wakashikana. Malori nyuma yalipiga honi. Enesi akainama, akaingiza kichwa ndani ya gari, akanusa mbele, akanusa nyuma. Petroli haikuwepo. Machozi yakamtoka, na kicheko kikayafuata.

"Enesi," Gibson akasema kwa sauti ya chini. "Jumapili siendi kusalimia tu. Nataka nimwambie baba yako nataka kukuoa."

"Hayo husema mshenga."

"Mshenga nitamtuma. Nakuuliza wewe kwanza. Aende, asiende?"

Enesi akatoa simu, akampigia mama yake palepale, katikati ya barabara, mbele ya watu wote.

"Mama, Jumapili tunakuja. Huyu kijana ana neno na baba... Ndiyo, lile neno lenyewe... Wangapi?"

Akamtazama Gibson aliyekuwa anacheka kama mtoto. Halafu akamtazama Ketrina, nywele zile, hereni zile.

"Wawili, mama. Wawili tu."