Panya Waliozaliwa Ukurasani

Kijana wa kisa hiki alipungukiwa na mengi. Hakuwa na baba wala mama. Hakuwa na kompyuta, wala cheti, kwa kuwa shule aliiachia njiani. Hakuwa na kasi: alipochapa maneno alitumia kidole kimoja tu cha mkono wa kulia, akidonoa herufi kama kuku kwenye mtama, ndiyo maana rafiki zake wakamwita Kidole. Hakuwa na ulimi mwepesi wa kujibu utani. Na upo upungufu mmoja mkubwa kuliko hayo, ambao nautaja mapema ili tusipotezeane muda: hakuwa na ujasiri wa kumwambia rafiki yake, "Hapo umekosea, futa."

Alichokuwa nacho ni shangazi. Huyu shangazi alikuwa mwoka mikate. Nyuma ya nyumba palikuwa na tanuri la matofali, mbele chumba cha kuuzia, na katikati meza ya kukandia iliyosuguliwa kwa miaka mpaka mbao zake zikawa nyeupe kama mfupa. Msaidizi wake alikuwa mzee mmoja mkimya, aliyeitwa na wote Mkandaji, aliyekuwepo tangu Kidole hajajua kutambaa. Usafi wa mama yule ulikuwa karibu kuwa ugomvi. Mteja akipiga chafya mlangoni, alihudumiwa akiwa nje. Watoto wa shule ya jirani walianza siku kwa mkate wake, na asubuhi mtaa mzima uliamshwa na harufu ya tanuri.

Jioni, kazi ikiisha, Kidole alikwenda kwa binti wa fundi saa. Nyuma ya duka la baba yake binti yule alikuwa na kompyuta, kuukuu lakini nzima, na vijana watatu walikutana hapo kujifunza kuandika katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo kila mtu anaruhusiwa kuongeza ajuacho na kusahihisha alichokosea mwenziwe. Wa tatu alikuwa Profesa. Jina hilo alijipa mwenyewe.

Mwanzoni lilikuwa jambo la kupendeza. Binti alimfundisha Kidole kwa subira: hapa unabonyeza kuhariri, hapa unaweka rejea, yaani unaonyesha habari umeitoa kitabu gani au gazeti gani.

"Na kama nimeiona kwa macho yangu?" Kidole aliuliza.

"Macho yako si rejea, kaka. Wangapi wana macho?"

Kidole akacheka, akaendelea kudonoa. Alipomaliza aya yake ya kwanza, juu ya daraja la mtaani kwao, na mtu wa mbali asiyemjua akamwandikia asante, alitembea kurudi nyumbani kama mtu aliyevishwa viatu vipya.

Sasa sikilizeni uchafu ulivyoingia.

Jioni moja Kidole alikuja na mkate wa shangazi yake, wakawa wanakula. Profesa akavuta kiti. "Leo nawaonyesha jinsi mlango huu ulivyo wazi," alisema. Akafungua ukurasa wa mtaa wao, akachapa kwa vidole vyote kumi, haraka, bila kutazama: mtaa huu una duka la mikate lililowahi kufungwa na maafisa wa afya, baada ya panya kukutwa ndani ya unga uliokwisha kandwa. Akabonyeza kuhifadhi. Akageuka. "Ee, Kidole! Hebu angalia kipande chako, hakina mkia?"

Wakavunjika mbavu. Kidole naye alicheka, tena mdomo umejaa mkate wa mwanamke aliyemlea. Naona kinyaa hata kuandika sentensi hiyo.

Binti wa fundi saa ndiye aliyeacha kucheka kwanza. "Futa bwana. Kama ni kufanya majaribio, si upo ukurasa wa mazoezi?"

"Tulia, dada. Nataka nione wasimamizi wa kamusi watachukua muda gani kushtuka. Huu ni utafiti. Nitaufuta mwenyewe."

Kidole alijua kufuta. Ilikuwa kubonyeza mara moja, na kidole chake kimoja kingetosha. Lakini Profesa alikuwa ameahidi kumpendekeza kwenye semina ya wahariri vijana, na nani anamkera mtu aliyemshikia mlango? Akajiambia ni utani tu. Wakatawanyika. Profesa akasahau, kama wanavyosahau wote wenye kumwaga uchafu kwenye kizingiti cha mtu mwingine.

Baada ya muda gazeti moja la mji mkubwa likachapisha makala juu ya mitaa ya zamani. Mwandishi hakuja kutembea wala kuuliza. Alifungua kamusi elezo, akanakili, akatia chumvi kidogo. Panya wakatoka kwenye ukurasa wakaingia gazetini, sasa wakiwa wanono.

Msimamizi wa shule alikuja dukani na gazeti mkononi, nyuma yake mfanyakazi wa jikoni amebeba makreti ya mikate ambayo haijaguswa.

"Mama, mimi nakuheshimu," alisema, huku akisimama mbali na kaunta. "Lakini wazazi wamesoma. Siwezi."

"Wamesoma nini?"

Akamsomea. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Hilo duka ni langu?"

"Kuna duka jingine la mikate hapa, mama?"

Kuanzia hapo watu wakaonyesha yaliyo ndani yao. Mwanamume aliyekula mkate ule tangu utotoni alitafuna kipande mbele ya mlango, akakitema juu ya ngazi, donge la kijivu lenye mate, akaondoka akijisifu. Wanawake wakasimulia jinsi ambavyo tangu zamani waliona vinyweleo. Vinyweleo! Mikate isiyonunuliwa ilirundikana kwenye makreti mpaka ikaota ukungu wa kijani, na ile harufu iliyokuwa ikiwaamsha watu ikageuka uvundo unaowafanya wazibe pua. Hapo wakasema, mnaona?

Lakini lililokuwa baya kuliko yote ni hili: Shangazi mwenyewe akaanza kuamini. Mtu safi akiambiwa mchafu, haanzi kwa kukana, huanza kwa kukagua. Alinunua mitego. Alilala kifudifudi akimulika chini ya meza kwa tochi. Alisugua tanuri kwa magadi mpaka ngozi ya viganja ikachubuka. Alipokosa panya, akamwona Mkandaji.

"Gazeti haliwezi kutunga tu," alimwambia mzee yule. "Wewe ndiye unayefungua mlango alfajiri. Uliwaona, ukanificha."

"Mama, miaka yote hii?"

"Nyoosha mikono nione kucha."

Mzee akanyoosha mikono. Kidole alikuwa amesimama pale pale, ufagio mkononi. Aliona ile mikono ikigeuzwa na kutazamwa kama ya mwizi. Akainama, akaendelea kufagia. Mkandaji akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza nyeupe, akaenda zake.

Ndugu msomaji, ukiona nimekunja uso, jua kwamba si kwa ajili ya panya.

Siku hiyo Kidole alikimbilia nyuma ya duka la fundi saa, akaomba kompyuta, akafuta ile sentensi. Haikuchukua muda, sentensi ikarudi. Mhariri wa mbali, mtu mwema kabisa, alimwandikia kwa adabu: tafadhali usiondoe maelezo yenye rejea.

"Rejea gani?" Kidole alishangaa.

Profesa alikuwa kwenye kiti chake, anachokonoa meno. "Gazeti. Nimeliweka mwenyewe. Wasimamizi wamenipongeza kwa kuimarisha ukurasa."

"Lakini gazeti limetoa kwako!"

"Wao hawakusema hivyo. Wameandika, wamechapisha. Sasa ina rejea, Kidole. Ule ulikuwa utani, leo ni habari."

"Shangazi yangu amemfukuza mzee wa watu."

"Basi na yeye si alikuwa na wasiwasi naye? Mimi nimemfukuza?" Akacheka kidogo. "Usijitie uchungu. Ulicheka kuliko sisi wote."

Kuna mtu anayetapika kwenye sahani, akaipeleka kwa jirani, na jirani akisema ni supu, yeye mwenyewe anachukua kijiko. Huyo ndiye Profesa. Nimetafuta mfano msafi zaidi, sikuupata.

Binti wa fundi saa alimgeukia Kidole. Alisema, "Neno lako halitafuta gazeti. Gazeti likijisahihisha lenyewe, ukurasa utafuata. Nimeshawapigia. Mhariri wao anasema masahihisho ya namna hii hayapokei kwa simu wala kwa mtandao, wameshadanganywa vya kutosha. Anataka barua yenye saini ya anayejua uongo ulianzia wapi. Na ataichapisha pamoja na jina."

"Jina la nani?"

"La atakayeandika."

"Andika uone," Profesa alidakia. "Akaunti zetu zote zitafungiwa. Semina utaisikia redioni. Na mtaa utajua kwamba mtoto wa nyumbani ndiye aliyemuuza shangazi yake kwa kicheko."

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Hata hivyo Kidole alirudi nyumbani, akamkuta Shangazi amekaa mbele ya tanuri baridi, akamweleza kila kitu amesimama, kwa sababu hakustahili kukaa.

Shangazi hakulia wala hakupiga kelele. "Ulikuwa unakula mkate wangu wakati mnacheka?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na Mkandaji akinyoosha mikono, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

Alimtazama kama anavyotazamwa mdudu aliyeangukia kwenye maziwa. "Kanitolee kalamu iliyo kabatini," alisema. "Uandike. Na huyo mzee umtaje kwamba ni msafi, kwa neno hilo hilo. Mimi nakwenda kumwomba radhi. Asiponifungulia mlango, ana haki."

Funzo

Nalisema funzo kabla ya kumaliza kisa, kwa sababu wengi wenu mkishajua mwisho huwa mnafunga kitabu.

Enyi vijana mnaofundishana, kufundishana ni jambo jema, na kamusi inayoandikwa na watu wote ni mali ya watu wote. Kwa hiyo atakayetia uchafu humo ametia kwenye chakula cha kila mtu. Msifanyie mazoezi jina la mtu. Rafiki akikosea mbele yako nawe unajua kufuta, futa saa ile ile, hata akinuna, maana uongo ukishapata rejea hautoki tena kwa kubonyeza. Waandishi wa magazeti, nendeni mkaone kwa macho kabla ya kunakili. Nanyi majirani, mlioutema mkate mliokula miaka yote kwa sababu ya mstari mmoja wa gazeti, osheni midomo. Na anayecheka pamoja na mchafuzi asijiite mtazamaji. Amechafua.

Basi Kidole aliandika barua. Hakuchapa, aliandika kwa mkono, akaeleza kicheko chake mwenyewe kabla ya kueleza alichochapa Profesa, akamtaja Mkandaji kama alivyoagizwa. Alimpelekea Shangazi asome, Shangazi akakataa kuipokea. Akaenda nayo posta peke yake.

Karani aliigeuza bahasha. "Ya kawaida au ya rejista?"

"Ya rejista."

"Basi andika mtumaji huku nyuma. Jina kamili."

Kijana akaandika jina lake lote, na la marehemu baba yake, kwa herufi kubwa ambazo hata mtu aliyesimama nyuma yake kwenye foleni angeweza kuzisoma. Kisha akailamba gundi, akaibana bahasha kwa kiganja mpaka ikashika. Karani akaigonga muhuri, akaitupa ndani ya gunia la barua za mji mkubwa, akaita, "Anayefuata!"