Darasa la Mtu Mmoja

Pale hospitalini, printa ikigoma, wanamwita Fundi. Kompyuta ikizimika, wanamwita Fundi. Hata kiti cha karani kikilegea skrubu, Fundi huyohuyo, naye huenda bila kununa. Lakini jioni akifungua mlango wa nyumba yake, hakuna anayemwita. Mke wake alifariki mwaka uliopita. Binti yao ameolewa mbali. Kwa mazoea Fundi bado alipika chakula cha watu wawili. Alikula peke yake, na kiporo kikabaki kwenye sufuria.

Siku moja mkuu wa idara alimwita.

"Fundi, wodi zote zinaunganishwa kwenye mtandao. Nataka mtu wa kuusimamia."

"Mimi nipo, mkuu."

"Najua upo. Ila lazima awe na cheti cha mtandao kinachotambulika. Ukikipata kabla mwaka haujaisha, kazi ni yako. Usipokipata, tutaleta mtu mwingine, na mkataba wako hatutauongeza."

Fundi aliogopa sana. Kazi ile ndiyo iliyomtoa kitandani asubuhi. Akiikosa, atabakiwa na nyumba tu.

Akatafuta masomo kwenye simu. Chuoni kulikuwa na madarasa ya jioni, lakini madarasa yana watu, na watu wangemuuliza habari za nyumbani. Akachagua video. Mwalimu wa video hana pole wala makiwa. Kila baada ya kazi Fundi alikaa mezani akamsikiliza. Mwalimu akiuliza, "Tumeelewana?" Fundi hujibu kwa sauti, "Tumeelewana, mwalimu." Hakuwa na mtu mwingine wa kujibizana naye.

Kisha mtu mmoja asiyemjua akamtumia maswali. "Haya ndiyo yanayotoka kwenye mtihani," alisema. Fundi akayakariri kama kasuku. Akaenda chuoni kufanya mtihani, kifua mbele.

Kompyuta ilitoa matokeo palepale. Akafeli.

Alikuwa akitoka kwa kunyata aliposikia sauti nyuma yake.

"Shemeji, mbona unapita kama mwizi?"

Alikuwa mdogo wa marehemu mke wake, mwalimu wa kompyuta pale chuoni. Fundi alikuwa akimkwepa tangu msiba. Shemeji huyu anacheka kama dada yake, na Fundi hakuweza kukisikia kicheko kile.

"Nina haraka, shemeji."

"Haraka ya wapi? Uso huo si wa mtu mwenye safari. Njoo ukae."

Wakaingia kwenye darasa lililokuwa tupu. Fundi akamweleza yote. "Na nilisoma," alimalizia. "Video zote nimezitazama mpaka mwisho."

"Ngoja nikuulize kidogo." Shemeji akasoma swali moja.

"B," Fundi akajibu palepale.

"Sijakusomea majibu bado, shemeji."

Akacheka. Kilikuwa kicheko kilekile. Fundi akageuka akatazama ubao.

Shemeji akaona, akaacha kucheka. Akamwonyesha kompyuta mbili mezani. "Haya, ziunganishe zionane."

Fundi akachomeka nyaya upesi, maana mikono yake ni myepesi. Lakini kompyuta ilipotaka anwani za mtandao, zile namba za kuitambulisha kila moja, vidole vikasimama. Video ilionyesha, yeye akatazama, basi.

"Umesoma kwa macho tu," shemeji alisema. "Mtandao unasomwa kwa mikono. Na hayo maswali uliyopewa, yatupe. Ukigundulika unatumia maswali ya wizi, unaweza kunyang'anywa cheti. Halafu siku mtandao wa wodi ukikatika, utamjibu muuguzi 'B'?"

Fundi akatabasamu kidogo. "Basi nianzie wapi?"

"Kwa waandaaji wa mtihani wenyewe. Wametoa mwongozo wa mada zote, na ni bure. Uliusoma?"

"Hapana."

Wakaufungua pamoja. Shemeji akaulinganisha na video za Fundi. "Ona, video zako ni za mtihani wa zamani. Mada kadhaa zimebadilika. Kabla hujachagua somo lolote, hakikisha linafuata mwongozo wa sasa."

"Sasa ipi bora, video au darasa?"

"Inategemea mtu. Video ni nzuri kwa anayejisukuma mwenyewe, na unaweza kurudia. Darasani unauliza ukikwama. Wengine huchanganya vyote. Lakini kila njia lazima iwe na mazoezi ya vifaa. Kama huna vifaa, kuna programu za kuigiza mtandao kwenye kompyuta. Majaribio ya mtihani yaje mwishoni, yakuonyeshe ulipo dhaifu. Wewe video ulizichagulia nini?"

Fundi akatazama nyaya mezani. "Haziniulizi habari zangu."

Shemeji akashusha pumzi. "Na mimi sipendi kuulizwa. Lakini kukaa peke yangu hakujanisaidia. Jumamosi tuna kundi la mazoezi hapa. Hatuulizani mambo ya nyumbani. Tunaulizana nyaya."

Jumamosi Fundi akaenda. Alikaa nyuma, karibu na mlango. Lakini mpishi wa hoteli aliyekuwa akibadilisha kazi alikwama kwenye swichi, kile kisanduku cha kuunganishia nyaya za mtandao, na Fundi hawezi kuona kifaa kimekwama akanyamaza. Akamsaidia. Mpishi naye akamweleza hesabu ya anwani mpaka ikamwingia. Nyumbani aliendelea na video, sasa zikiwa za mtihani mpya, huku mwongozo uko mezani. Kila somo alilifanya kwa mikono kabla ya kufungua jingine. Majaribio yalipomwonyesha udhaifu, alirudia. Hakujiandikisha kwa mtihani mpaka alipokuwa akifaulu majaribio mapya asiyowahi kuyaona.

Safari hii akapita.

Alisimama nje ya chumba cha mtihani, simu mkononi. Zamani angempigia mke wake kwanza, naye hayupo tena. Machozi yakamtoka. Akampigia shemeji.

"Nimefaulu."

"Dada angefurahi," shemeji akasema.

"Ndiyo maana nimekupigia wewe."

Mkuu wa idara alimkabidhi mtandao wa wodi zote kabla mwaka haujaisha. Siku hizi muuguzi akipiga simu, Fundi anajua tatizo liko wapi.

Jumamosi iliyofuata baada ya mtihani, akatokea tena kundini. Mpishi akashangaa. "Fundi, si umeshafaulu?"

"Mtihani nimefaulu," Fundi akasema, akivuta kiti cha mbele. "Ila nyumbani bado kuko kimya."

Mpishi akamsogezea swichi.