Karatasi Nyeusi ya Kesi ya Kumi na Nne

Jumatano tarehe 17 Novemba 1999, saa kumi na moja na robo jioni, Dokta Cyprien Akonkwa aliweka ufunguo wa kabati lake juu ya meza ya Emérence, mtunza kumbukumbu wa kituo kidogo cha utafiti wa tezi, huko Ibanda. Ufunguo huo hakuwahi kumwachia mtu.

"Maman Emérence, kesho asubuhi ninavuka mupaka wa Ruzizi. Dosiye ya Kesi 14, uitengeneze muzuri. Kwenye picha ya uso, ufunike macho. Ni sheria ya kule watakapoichapa."

"Kesi 14 ni Colombe, Docteur."

"Najua. Njo maana ninakuachia wewe. Mutu wa familia atamufunika na heshima."

Alitabasamu, akachukua mwavuli wake, akaenda zake.

Colombe alikuwa mdogo wake Emérence, ndugu wa tumbo moja. Alitoka Bunyakiri alikoolewa, mwanzoni mwa Januari mwaka uleule, shingo imevimba kama aliyemeza chungwa, mikono ikitetemeka, moyo ukipiga mbio hata akiwa amelala. Dokta alieleza kwamba tezi ya shingo ilikuwa ikimwaga homoni kupita kiasi, ikimchoma kutoka ndani kama jiko lisilo na mtu wa kulipunguzia moto. Dawa ipo, alisema, ila vita vimeifungia njiani. Wakasubiri. Colombe alisubiri miezi miwili, akikonda, akiomba madirisha yafunguliwe wakati wenzake wodini wamejifunika blanketi. Alikufa Alhamisi tarehe 4 Machi, saa tatu asubuhi. Emérence hakumlaumu mtu. Vita ni vita.

Sasa alifungua kabati, akatoa dosiye, faili la mdogo wake. Nje mvua ilikuwa inaanza. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, naye akawasha taa ya mafuta. Alikata utepe kwenye karatasi nyeusi inayofungia filamu za radiografi, upana wa kidole kimoja, akaupaka gundi, akaubandika juu ya macho ya mdogo wake.

"Lala, mutoto wa mama," alinong'ona. "Watu wa mbali wasikuchungulie."

Kisha akapanga karatasi kwa tarehe, kama alivyozoea. Mbili za mwisho zilikuwa zimegandamana kwa unyevu. Alizitenganisha taratibu. Ya kwanza ilikuwa hati ya mapokezi: vidonge mia sita vya kutuliza tezi, vimepokelewa tarehe 11 Januari 1999, sahihi ya Dokta Akonkwa. Ya pili ilikuwa na maandishi ya Dokta mwenyewe, ya tarehe 13 Januari, kwa Kifaransa safi: Kesi 14 asipewe dawa. Tufuate mwendo wa ugonjwa hadi mwisho.

Hadi mwisho.

Emérence alisoma mara tatu. Mara ya nne herufi zilikataa kusomeka.

Hapo ndipo aliposikia.

Tu-tu-tu-tu-tu...

Sauti ilitoka nyuma yake, kwenye kiti cha wagonjwa. Aliijua. Miezi miwili alilala sikio lake likiwa karibu na moyo ule. Joto likaingia chumbani, joto la mwili wenye homa, na vioo vya dirisha vikafanya jasho. Halafu harufu... udongo mwekundu, mbichi, uliochimbuliwa sasa hivi.

"Yaya..."

Ni Colombe tu aliyemwita hivyo, dada mkubwa. Emérence hakugeuka.

"Yaya, juu ya nini umezimisha taa?"

Taa ilikuwa inawaka.

Akageuka. Aliyeketi alivaa kitenge kilekile alichozikwa nacho. Shingo ilikuwa imejaa, ikipwita. Na pale palipopaswa kuwa na macho palikuwa na utepe mweusi, umenyooka, kingo zake zimekatwa kwa mkasi.

"Nilikuwa ninaona njia," sauti ilisema. "Nilikuwa karibu kufika. Sasa ni giza tu. Nani amenifunga?"

Emérence alitaka kumtaja Dokta. Ulimi ukakataa uongo.

"Ni mimi, Colombe. Sikujua."

"Njo maana ninasikia harufu ya mukono wako. Lakini wazo haikuwa yako."

"Hapana."

Moyo ule tu, ukikimbia.

"Yaya... ile dawa ilifika?"

Swali hilo lilimpasua Emérence kuliko hofu yote.

"Ilifika. Tarehe kumi na moja, mwezi wa kwanza. Ilikuwa ndani ya kabati hii, ukuta moja na kitanda yako."

Moyo ukasimama.

Hata mvua ilionekana kutega sikio.

"Nitolee."

Emérence aliingiza ukucha chini ya utepe, akaubandua kwenye picha. Ulitoka kwa sauti ya ngozi inayochunwa. Pale kitini macho mawili yakafunguka, makubwa, yametokeza, makavu, yasiyopepesa. Emérence akaunyoosha mkono kwenye kapu la takataka.

"Usiitupe. Iko na mwenyewe."

Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Ndani ya droo zilikuwamo picha mbili ndogo, zilizobaki kati ya nne ambazo Dokta alipigwa kwa ajili ya hati yake ya kusafiria. Emérence alichukua moja. Akaupunguza utepe kwa mkasi, akaongeza tone la gundi, akaubandika juu ya macho ya Dokta Cyprien Akonkwa.

Alipoinua kichwa, kiti kilikuwa kitupu. Aligusa pale palipokaliwa. Palikuwa pa moto.

Kesho yake, kabla ya saa nne, dereva Dany aliingia kituoni mbio, kofia mkononi.

"Maman, Docteur ameharibika! Tunafika kwa barrière ya mupaka saa mbili na dakika makumi mbili, anatoa makaratasi yake, mara ananiuliza: 'Dany, nani amezima jua?' Musoda mwenye bunduki akacheka: 'Docteur, umeamukia pombe ya kasiksi?' Nikaangalia macho yake. Iko wazi, maman. Wazi kabisa. Na haioni kitu."

Dokta Adèle, aliyempokea hospitalini, alieleza jambo hilo kwa utulivu. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, ukubwa wa harage. Ndani yake palikuwa na uvimbe uliokaa kimya miaka mingi. Usiku ule ulianza kuvuja damu, na asubuhi ukakandamiza mishipa ya macho. "Ni kitu inajulikana," alisema. "Hata ni kesi nzuri, tutaiandika." Lakini hakuweza kueleza kwa nini mgonjwa alilalamika juu ya harufu ya gundi, wala kwa nini alisema giza lake lina kingo zilizonyooka.

Ijumaa tarehe 26 Novemba, mgonjwa alimwita Emérence.

Alimkuta amekonda, vidole vikikwaruza nyusi zake, kama anayetafuta pembe ya kitu.

"Bandua," alinong'ona. "Najua ni wewe. Vidonge viko bado, vyote mia sita. Nitasema kila kitu mbele ya watu. Ninakuomba, maman."

"Colombe alikuomba dawa mara ngapi?"

"Kila siku."

"Ukamujibu nini?"

"Nilimujibu barabara imefungwa."

"Basi ingali imefungwa, Docteur."

Aliinuka aondoke. Mkono wa kipofu ukamshika kitambaa.

"Ngoja. Colombe iko hapa, kando ya kitanda, ule moyo wake hauniachi nilale. Ananituma nikuambie: gundi ile ilishika watu wawili, aliyeamuru na aliyebandika. Ukibandua mbele ya mwezi huu kuisha, wote wawili tunaona. Ukiiacha, tunaingia giza pamoja." Akashusha sauti. "Angalia juu, maman. Huoni kitu?"

Emérence aliinua macho kwenye dari. Juu kabisa ya mwono wake palikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama uzi... umenyooka. Alipepesa. Haukuondoka.

Kila siku mstari ulishuka kidogo. Jumapili hakuona tena vilele vya milima. Jumatatu watu walikosa vichwa. Jumanne tarehe 30 Novemba, alipopanda kurudi nyumbani kwake Cimpunda, aliona viatu tu, na matope. Mtunza kumbukumbu asiye na macho atakula nini? Hakuwa na mume, wala mtoto wa kumshika mkono.

Aliketi mlangoni, picha ndogo ya Dokta magotini. Jua lilikuwa linazama, naye hakuliona. Alihisi baridi ya jioni tu. Akaingiza ukucha chini ya pembe ya utepe. Pembe ikainuka kwa urahisi, kama iliyokuwa ikimngoja.

Akamkumbuka Colombe, asubuhi ile ya Machi, akimsihi Dokta huku akimwomba radhi kwa usumbufu.

Akaushusha ukucha. Akachovya kidole kwenye kichupa, akaongeza gundi, akagandamiza kwa dole gumba mpaka pembe ikalala.

Njiani watu walikuwa wakipita na kusalimiana. Emérence alikaa akiwasikiliza, akianza kujifunza ipi ni sauti ya nani.