Uso wa Mwamini Baada ya Eda

Mwamini alitoka eda siku ya Ijumaa. Miezi minne na siku kumi alikaa ndani, Kisarawe, akimlilia mumewe Halidi. Marehemu aliumwa muda mrefu, tumbo limejaa maji, macho ya manjano. Wanawake walimwogesha Mwamini, wakamvisha nguo mpya, wakamfukiza udi. Alipojitazama kwenye kioo aliumia moyo. Uso ulikuwa umekwisha.

Mdogo wake, Zawadi, anakaa Mkuza, Kibaha. Alimwambia kuna saluni inarudisha ujana. Unatolewa damu mkononi, inazungushwa kwenye mashine, halafu maji ya manjano yanayojitenga na damu unachomwa usoni. Zawadi alitaka wafanye wote wawili. Dada angeanza, yeye angefuata.

Jumatatu wakaenda. Mwamini akaketi kitini. Binti wa saluni akatoa kichupa cha kutilia damu kwenye bakuli la maji. Ndani ya kichupa, chini kabisa, palikuwa na mstari mwekundu.

"Hiyo damu ya nani?" Mwamini aliuliza.

"Ya mteja wa asubuhi. Usijali, nimeshakiosha kwa spiriti."

Mwamini akainuka, akatoka. Zawadi alinuna njia nzima. Alisema dada yake amezeeka mpaka moyo.

Jioni Mwamini alimsimulia jirani yake Hajira, nesi wa zahanati. Hajira hakumcheka. Alisema tiba hiyo ipo, lakini ni kazi ya daktari mwenye leseni. Sindano na kichupa hufunguliwa vipya mbele yako, kichupa huandikwa jina lako, na vikishatumika hutupwa. Wala si miujiza. Wengine ngozi hupendeza kwa miezi kadhaa, wengine hawaoni kitu. Lakini kichupa kikishaingia damu ya mtu, kukiosha kwa spiriti hakutoshi. Virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini hupita hapo hapo.

Kisha akasogeza kigoda karibu.

"Mama Faraji, marehemu aliumwa ini. Virusi hivyo mume na mke huambukizana. Wewe umeshapima?"

Hakuwa amepima. Na nani angemwambia? Sisi tukiwa na mgonjwa tunamhangaikia yeye tu, anayemuuguza tunamsahau. Ni kosa letu, tukubali.

Walikwenda hospitali pamoja. Mwamini alikutwa na virusi vya homa ya ini B. Alilia sana. Daktari alimwambia ini lake bado halijaharibika, na dawa ipo. Faraji, mwanawe, alipimwa, akakutwa salama, akachanjwa. Hajira alitoa taarifa kwa maofisa wa afya, na saluni ile ikazuiwa kuchoma watu sindano.

Zawadi naye alipimwa. Hakuwa na virusi. Siku alipochanjwa alimshika dada yake mkono, akawa hataki kuuachia.

"Dada, siku ile ungekubali, mimi ndiye niliyekuwa nakufuata."

"Najua," alisema Mwamini. "Na kichupa kilikuwa kimoja."