Saa Mbili Iliyowahi

Jioni moja ya vita, mwaka 2003, Bibiane alirudi kwenye ofisi yake ya kupiga mashini, mjini Bunia, kumalizia tangazo la matanga. Mwezi ule alikuwa ameandika mengi ya namna hiyo. Machozi yalikwisha kukauka.

Kompyuta ikagoma. Akaizima, akaiwasha upya, safari hii upande wa pili: mfumo mwingine ambao Gauthier, fundi wa ng'ambo ya barabara, aliuweka humo pamoja na Windows.

Mtu akaingia bila hodi. Alinuka udongo mbichi.

"Mama, iko saa ngapi?"

Bibiane akasoma pembeni ya kioo cha kompyuta. "Saa mbili ya magaribi."

Mgeni akaketi sakafuni, polepole.

"Mimi Hippolyte, muchimbaji wa Bambu. Bale banakaa mu shimo balinipa dhahabu. Balisema batakuya kunikamata leo, saa mbili." Akapumua. "Basi, imefika."

Kichwa kikaanguka kifuani. Hakupumua tena.

Bibiane akamtazama. Kisha akatazama dirisha.

Nje jua lilikuwa bado linazama.

Ilikuwa saa kumi na mbili.

Risasi zililia barabarani. Hakuna aliyeweza kutoka. Akamfunika kwa kitenge, akakaa kando yake. Maiti haikuwa jambo geni. Giza likaingia.

Halafu, saa mbili ya kweli ilipotimia, ile harufu ya udongo... ikapenya chini ya mlango.

Ko. Ko. Ko.

"Mutu yetu iko wapi?"

Sauti nyingi, zikinong'ona pamoja.

"Siye tulisema saa mbili. Nani alimubadilishia saa?"

Bibiane akaziba kinywa kwa kiganja; wazee walionya kwamba anayeitika wito kama huo huchukuliwa. Hakuhisi woga. Baridi tu, kwenye meno.

Asubuhi Gauthier alikuja, wakamtoa Hippolyte. Hakuwa na jeraha hata moja. Kisha fundi akaichunguza kompyuta.

"Kitu kidogo. Windows inasoma saa ya ndani kama saa ya Bunia. Hii ingine inafikiri ni ya Greenwich, njo maana inaongeza masaa mbili. Ni mimi nilisahau kuzipatanisha."

Akarekebisha. Lakini hakuondoka.

"Bibiane, jana usiku juu ya nini ulikuwa unaniita?"

"Mimi? Sikufungua kinywa."

"Ilikuwa sauti yako. Mulangoni kwangu."

Bibiane akamkazia macho. "Na weye ulifanya nini?"

Gauthier akageuka kutazama mlango wake, ng'ambo ya barabara.

"Niliitika."